Nyumba Imeuzwa, Mpangaji Angali Ndani: Historia ya Sheria Moja

Ni jambo linalojulikana Goma, Bukavu na Uvira. Asubuhi mtu anabisha hodi na karatasi mkononi: nyumba hii nimeinunua, mutafute pengine. Familia iliyokimbia vita Masisi ama Rutshuru, iliyookoteza pesa za garanti kwa shida, inaanza tena kufunga mizigo. Swali ni la zamani: nyumba ikiuzwa, mkataba wa mpangaji unakufa?

Huko Roma ya kale, mnunuzi hakufungwa na ahadi za muuzaji. Mpangaji aliweza kutolewa, na haki iliyomubakia ni kumudai fidia yule aliyemupangisha. Ufaransa iliishi na desturi hiyo kwa muda mrefu. Sheria ya raia ya Napoleon, ya mwaka 1804, ndiyo iliyoigeuza: mwenye mkataba wa kuaminika anabaki, hata mwenye nyumba akibadilika.

Kanuni hiyo ilifika Kongo kwa njia ya Wabelgiji. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa mfalme Léopold wa Pili, inasema mnunuzi hawezi kumufukuza mpangaji mwenye mkataba uliothibitishwa kwa notaire ama wenye tarehe ya hakika, isipokuwa kama mkataba wenyewe ulimuachia ruhusa hiyo. Lakini karatasi za namna hiyo zilikuwa zaidi mikononi mwa Wazungu. Katika cité, Wakongomani wengi walikaa na livret de logeur, ambayo haikuwapa umiliki kamili.

Baada ya uhuru, mambo yaligeuka. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Tangu hapo, anayeuza parseli anauza nyumba na haki ya kukaa pale, udongo hauuzi. Haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya enregistrement, inayotolewa na conservateur wa titre immobilier. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na ajansi za nyumba za wageni zikapewa wana inchi. Wapangaji wengine wakalala na bosi mmoja, wakaamuka na mwingine. Miaka ya 1975 na 1976, Serikali ikaanza kurudisha sehemu ya mali hizo, na mabishano juu ya nani ni mwenye nyumba yakaongezeka.

Mashariki, vita na moto wa Nyiragongo wa mwaka 2002 na 2021 viliongeza watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Wengine waliokimbia wanauza nyumba wakiwa mbali, kupitia komisionero, na mnunuzi anaona picha tu kwenye simu. Hajui kama ndani kuna watoto wanaosoma pale jirani.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba ilijaribu kuweka usawa. Garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3 ya kodi, ingawa mitaani watu wengi wanaombwa zaidi. Ugomvi usipomalizika kwa mapatano, tribinali ya amani ndiyo inaamua. Kutoa vyombo inje kwa nguvu, bila hukumu, si haki ya muuzaji wala ya mnunuzi.

Shida kubwa ni garanti. Muuzaji ndiye aliyeipokea, naye anaondoka na pesa yote ya nyumba. Mnunuzi anasema yeye hakupokea kitu. Ndiyo maana wenye busara wanakutana watatu mbele ya chef wa avenue kabla ya pesa kutolewa: wanaandika garanti ni ngapi, nani atairudisha, na mpangaji atahama lini ama atabaki kwa kodi gani. Mpangaji naye anachunga risiti zake zote, na mkataba wake anaupeleka Habitat upigwe muhuri.

Tangu mwaka 1888 sheria imemulinda mpangaji mwenye karatasi. Aliyepanga kwa neno la mdomo tu ndiye anayelala na wasiwasi, na kati ya familia zilizokimbia vita, watu wa namna hiyo ni wengi.