Jinsi ya kuchagua mpira wa kuziba mapengo ya hewa katika injini ya ndege

NDEGE ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi, mathalani Cessna 206, aghalabu hutumia injini za pistoni zinazopozwa kwa hewa. Injini hizi hazina rejeta. Hewa huingia kupitia matundu ya mbele, hujaa juu ya silinda, kisha hushuka katikati ya mapezi yake na kutoka ikiwa imebeba joto.

Mabamba ya aluminiamu yanayoizingira injini ndiyo huilazimisha hewa kufuata njia hiyo. Hata hivyo, kwa kuwa injini hutikisika, mabamba hayaruhusiwi kugusa kifuniko chake. Pengo linalobaki huzibwa kwa ukanda wa mpira. Ukanda huo ukichakaa, hewa hutorokea hapo na silinda hupata joto kupita kiasi. Hatari huzidi Wilson, ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwani hewa nyepesi hubeba joto kidogo.

Sifa ya kwanza ya kuzingatia ni ustahimilivu wa joto. Neoprini ni nafuu, lakini joto la kila siku huifanya iwe ngumu na kupasuka. Silikoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo huhimili zaidi ya nyuzijoto 200 za selsiasi na hubaki laini. Udhaifu wake ni kwamba petroli na mafuta huivimbisha. Kwa hivyo sharti uvujaji wowote ukomeshwe kwanza.

Pili ni unene, ambao kwa kawaida hukaribia milimita 3. Mpira mwembamba mno hupinduliwa na hewa, nao mnene mno haufuati umbo la kifuniko.

Tatu ni mkao. Ukanda huinamishwa kuelekea upande wenye shinikizo kubwa, ili hewa yenyewe iubane dhidi ya kifuniko. Alama za msuguano ndani ya kifuniko zikikatika, hapo pana mwanya.

Tahadhari: baadhi ya kanda za zamani zina asbestosi, na vumbi lake hudhuru mapafu. Kadhalika, mpira wowote uwe ule ulioidhinishwa kwa ndege husika, nao ufungwe na fundi mwenye leseni.

Bei ya ukanda ni ndogo ikilinganishwa na ya silinda iliyopasuka angani. Asiyeziba ufa, hapa hata ukuta huenda asipate fursa ya kuujenga.