Evelyn Preer, Kopi Moja

Nilimwona Evelyn Preer kwa simu, usiku, filamu haina sauti. Ni Within Our Gates ya Oscar Micheaux, 1920. Yeye ni Sylvia, mwalimu anayetoka kusini mwa Marekani kutafuta pesa za kuokoa shule ya watoto Weusi. Halafu wazungu wananyonga familia iliyomlea. Chicago ilikuwa imetoka tu kwenye ghasia za 1919. Wakaguzi wakaikataa mwanzoni. Preer harushi mikono ovyo. Macho yanatosha, kusema ukweli.

Alifariki 1932 kwa nimonia, mwaka aliojifungua. Alikuwa na miaka 36.

The Homesteader, filamu yake ya kwanza, imepotea. Hii ilipona kwa kopi moja iliyopatikana Uhispania. Huko waliibatiza La Negra: Mwanamke Mweusi. Basi.