Mtunzi Asiye na Sura: Uchunguzi wa Waandishi na Kazi ya Mchoraji kati ya Misikhu na Kitale

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili mchoraji wa picha za vitabu amepewa nafasi finyu mno. Wahakiki wamechambua maudhui, msuko, uhusika na mtindo, ilhali picha ya jalada, ambayo humlaki msomaji kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, imeachwa kando kama pambo. Makala haya yanashikilia kwamba picha nayo ni uhakiki. Mchoraji anapoamua kuchora hiki na kukiacha kile, huwa amekwisha kutoa fasiri yake. Kwa hiyo namna anavyomchunguza mwandishi kabla ya kushika kalamu ni suala la fasihi, wala si suala la uchoraji peke yake.

Suala hilo linatazamwa hapa kutoka Misikhu, kituo cha biashara kilichopo katika barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, kaskazini mwa Bungoma. Inaweza kuchukuliwa kwa mfano kwamba mchoraji wa hapo amekusudia kuchora mfululizo wa picha za watunzi wa Kiswahili kwa ajili ya ukuta wa maktaba ya shule. Je, atawatafuta watunzi hao wapi: katika sura zao, katika maisha yao, au katika maandishi yao? Historia ya fasihi yenyewe ina jibu, na jibu hilo si lile ambalo mtu angelitarajia.

Watunzi wa kale na tatizo la sura

Mchoraji akianza na watunzi wa kale, atagundua upesi kwamba sura zao hazipo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayesemekana kuishi kati ya 1776 na 1840, hakuacha picha. Tulicho nacho ni mashairi yaliyohifadhiwa kwa bidii ya Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, kisha yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake maarufu mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, naye hana picha.

Upungufu huo haukutokana na uzembe. Utamaduni wa miswada ya pwani ulikuwa na sanaa yake ya kuona. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kwa mfano, inasifika kwa mapambo yake ya rangi, lakini mapambo hayo hayakuwa ya sura za watu. Mtunzi naye alijitambulisha kwa njia nyingine. Katika tenzi nyingi, beti za mwisho hutaja jina la mtunzi, nasaba yake, tarehe ya kutunga, na hata idadi ya beti. Hiyo ndiyo iliyokuwa picha yake, nayo aliichora mwenyewe kwa maneno.

Mchoraji anayemtaka Mwana Kupona hana budi, basi, kuusoma utendi. Humo atakuta vikuku na pete, hina na manukato, adabu ya kuketi na ya kusema, na mama mgonjwa anayemwandikia binti. Akichora mikono ya mwanamke iliyoshika kalamu, pamoja na vyombo vya nyumba aliyoijua, atakuwa amemkaribia mtunzi kuliko yule anayebuni uso mzuri na kuandika jina chini yake. Uso wa kubuni huweza kumpendeza mtazamaji, lakini haumpi ujuzi wowote wa mtunzi.

Kitabu cha shule na mandhari ya pwani

Ukoloni ulileta kitabu kilichopigwa chapa, na pamoja nacho umbali kati ya mwandishi na wale walioamua sura ya kitabu. Vitabu vingi vya kusomea vilichapishwa na kampuni zenye makao Uingereza, kama vile Longmans, Macmillan, Nelson na Sheldon Press. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, liliusogeza uchapishaji karibu zaidi, na baada ya uhuru kampuni za Nairobi na Dar es Salaam ziliendeleza kazi hiyo. Hata hivyo, wazo moja lilidumu: kwamba mandhari ya Kiswahili ni jahazi, mnazi, kanzu na mlango wa nakshi.

Wazo hilo lina asili ya kweli, kwa kuwa lugha na fasihi yake vilikulia pwani. Shaaban Robert mwenyewe, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ni mtu wa mwambao huo. Kosa hutokea pale mandhari moja inapogeuzwa kuwa sharti la lugha nzima. Mtoto wa Misikhu akifungua kitabu cha Kiswahili na kila mara akakuta mnazi, huanza kuamini kwamba lugha hii ni ya kuazima, na kwamba mahindi ya babaye na ukungu wa Mlima Elgon ni mambo yasiyoandikika kwayo.

Jambo hilo linashangaza zaidi ukizingatia kwamba Webuye, mji ulio jirani na Misikhu, ndiko kulikokuwa na kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 2009. Karatasi ilitoka jirani, lakini mandhari ya kitabu cha Kiswahili iliendelea kudhaniwa kuwa ya mbali.

Ken Walibora na barabara ya Kitale

Hapa ndipo Ken Walibora anapokuwa mfano muhimu. Alizaliwa Bungoma katikati ya miaka ya 1960 na kukulia Cherangani, katika Trans Nzoia. Ukisafiri kutoka Bungoma kupitia Webuye kwenda Kitale, unapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Mchoraji anayeishi Misikhu yuko, kwa hakika, kati ya mahali alipozaliwa mwandishi huyu na mahali alipolelewa.

Eneo hilo lina historia yake katika Kiswahili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi mashamba ya Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mashamba yaliwavuta vibarua wa makabila mengi, wakiwamo Wabukusu waliotoka upande wa Bungoma. Shambani, sokoni na kituoni, Kiswahili kilikuwa lugha ya kukutana. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa na Waafrika, na watu wa asili mbalimbali wakawa majirani wa kudumu. Kiswahili cha Walibora, basi, hakikuchipuka katika ardhi tupu. Kilikuwa na mizizi katika jamii iliyokihitaji kila siku.

Siku Njema, riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1996, inathibitisha hoja hiyo kwa msuko wake. Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama, na hatimaye anafunga safari kuingia Kenya kumtafuta baba. Safari hiyo inamfikisha Kitale. Kwa maneno mengine, mwandishi alichukua pwani ya Shaaban Robert na bara lake mwenyewe, akaviunganisha kwa miguu ya kijana mmoja. Mchoraji anayeifahamu historia ya mwandishi hataridhika kuchora bahari peke yake. Atajua kwamba uzito wa kisa uko katika kutoka pwani na kuwasili bara, na kwamba mashamba ya Trans Nzoia ni mandhari ya riwaya ya Kiswahili kwa haki ile ile waliyo nayo minazi ya Tanga.

Tofauti na Muyaka, Walibora ana sura inayojulikana sana. Alikuwa mtangazaji wa redio na televisheni, akapata shahada ya uzamivu nchini Marekani, akafundisha vyuo vikuu huko na nchini Kenya, na riwaya zake zikatahiniwa katika shule za sekondari. Aprili 2020 alifariki Nairobi baada ya kugongwa na gari, akazikwa Cherangani. Picha zake zimejaa magazetini. Lakini wingi huo wa picha una hatari yake. Mchoraji anayenakili picha ya gazeti hupata mtangazaji mwenye suti, wala hampati mwandishi. Yeye mwenyewe aliita tawasifu yake ya mwaka 2014 Nasikia Sauti ya Mama. Alichokitanguliza katika jina hilo ni sauti, kama vile alivyomfanya mama wa Kongowea kuwa mwimbaji. Mchoraji makini atajiuliza jinsi ya kumchora mtu anayesikiliza.

Mipaka ya uchunguzi

Yafaa hapa kutahadharisha. Kumchunguza mwandishi hakumpi mchoraji ruhusa ya kuigeuza riwaya kuwa wasifu. Kongowea si Walibora, ingawa wote wawili wanaijua njia ya Kitale. Akimpa Kongowea uso wa mwandishi, mchoraji atakuwa amefuta kazi ya ubunifu ambayo ndiyo iliyomvutia tangu mwanzo.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Kufa Kuzikana, riwaya ya mwaka 2003, inahusu urafiki unaojaribiwa na uhasama wa kikabila. Sehemu za Bungoma na Trans Nzoia zilikumbwa na mapigano ya aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wakauawa na wengine wakahama makwao. Mwandishi alijua hayo, lakini aliiweka hadithi yake katika nchi ya kubuni. Kalamu ya mwandishi inaweza kuficha kabila. Kalamu ya mchoraji inapata taabu, kwa sababu picha hudai uso, vazi, nyumba na mlima. Mchoraji wa Misikhu anayechora Mlima Elgon nyuma ya nyumba inayoungua huwa amewataja watu ambao mwandishi alikataa kuwataja, na kitabu hicho kitasomwa na watoto wa pande zote mbili wanaoketi dawati moja. Maarifa yale yale yaliyokuwa sahihi kwa Siku Njema yanaweza kuwa usaliti kwa Kufa Kuzikana.

Kutokana na mfano huo, kanuni inajitokeza: historia ya mwandishi humwonyesha mchoraji yale yanayoweza kuchorwa, bali matini ndiyo inayoamua yapi yachorwe. Siku Njema inaitaja Kitale, kwa hiyo Kitale ichorwe. Kufa Kuzikana inaficha, kwa hiyo picha nayo ifiche.

Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya mwaka 2012, inaongeza fundisho jingine. Amani anafika Sokomoko akiwa na lengo la siri la kumfichua aliyeiba mswada wake na kuuchapisha kwa jina lake. Mwizi ni Majisifu, mwalimu anayesifiwa kama mwandishi mkubwa. Wakati huo mwandishi halisi anachunga ng'ombe na kuishi kibandani. Riwaya hiyo, basi, inamfundisha mchoraji kwamba jina lililo juu ya jalada na heshima ya hadhara havitoshi kumtambulisha mtunzi. Mtunzi hutambulika kwa kazi yake na kwa yale aliyoyapitia.

Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba mchoraji wa watunzi wa Kiswahili anakabiliwa na hali mbili zinazoonekana kupingana: watunzi wa kale wasio na sura na watunzi wa sasa ambao sura zao zimezoeleka kupita kiasi. Katika hali zote mbili dawa ni moja, yaani kuisoma kazi pamoja na mahali ilipotoka. Desturi ya tenzi, ambayo humtambulisha mtunzi kwa jina, nasaba, mahali na tarehe, ni mwongozo bora kwa mchoraji wa leo kuliko picha ya gazeti.

Kwa Misikhu jambo hili halihusu urembo wa ukuta tu. Mwanafunzi atakayeona ukutani mikono ya Mwana Kupona karibu na kijana anayeshuka Kitale akiwa na mzigo wake ataelewa, bila ya kuhubiriwa, kwamba fasihi ya Kiswahili ilikwisha kupita mlangoni pake. Wajibu wa wahakiki ni kuzisoma picha hizo kwa uzito ule ule wanaozisomea riwaya, na kuwapa wachoraji historia ya watunzi iliyo kamili na yenye kuaminika. Bila ya historia hiyo mchoraji ataendelea kubuni nyuso, na wanafunzi wataendelea kuzipokea nyuso hizo kama ukweli.