Neno ‘shujaa’ halina jinsia, mbona tunamwona mwanamume?

MWALIMU akiwaambia wanafunzi wachore shujaa wa Mau Mau, aghalabu watachora mwanamume mwenye nywele za msokoto, bunduki mkononi, msitu nyuma yake. Lawama si ya sarufi. ‘Shujaa’, ‘mpiganaji’, ‘mpelelezi’ na ‘jemedari’ yote ni maneno ya ngeli ya A-WA, na ‘shujaa ameanguka’ haisemi kama aliyeanguka ni mke au mume. Basi picha hiyo tumeitoa wapi?

Tumeitoa kwenye vitenzi. Tukisimulia vita vya ukombozi, wanaume ‘walipigana’ ilhali wanawake ‘walisaidia’. Akina mama, tunasema, ‘waliwapikia’ wapiganaji. Ukisikia hivyo utadhani ni habari za jikoni tu.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, wapiganaji waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Chakula, dawa, nguo, risasi na habari zilitoka vijijini na mijini, na wengi wa waliozibeba walikuwa wanawake na wasichana. Jijini Nairobi, marehemu Wambui Otieno alikuwa miongoni mwa wasichana waliofanya upelelezi. Katika jeshi lolote kazi hizo huitwa ugavi na ujasusi, na anayezifanya huitwa askari, ana cheo na ana pensheni.

Mkoloni mwenyewe hakudanganywa na vitenzi. Kuanzia Juni 1954 aliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja hadi vijiji takriban 800 vilivyozungushiwa mitaro, lengo mojawapo likiwa kuukata mkono uliopeleka chakula msituni. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, vijiji hivyo vilijaa wanawake, watoto na wazee. Wanawake hao walichimbishwa mitaro kandokando ya msitu. Maelfu ya wenzao walifungwa Kamiti.

Jane Muthoni Mara, mmoja wa Wakenya waliofika Mahakama Kuu ya London kuishtaki serikali ya Uingereza, alikamatwa akiwa msichana kwa kushukiwa kuwapelekea Mau Mau chakula. Aliteswa vibaya. Juni 6, 2013, serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia wahasiriwa 5,228. Sasa jiulize: ikiwa chakula hicho kilitosha kumfanya adui machoni pa mkoloni, mbona hakitoshi kumfanya mpiganaji machoni petu?

Simaanishi kwamba kila mwanamke alikuwa mpiganaji. Wapo waliolazimishwa kutoa chakula, na wapo waliokuwa upande wa serikali. Kule Lari, Machi 1953, wengi wa waliouawa na Mau Mau usiku ule walikuwa wanawake na watoto. Hiyo ndiyo sababu ya kuyapima maneno yetu, ili kila mmoja apewe linalomstahili.

Tazama pia tunavyomtaja Muthoni wa Kirima, aliyefikia cheo cha fildi-mashali na kubaki msituni hadi 1963. Huwa tunasema ‘jemedari mwanamke’. Ni nani aliwahi kusema ‘jemedari mwanamume Dedan Kimathi’? Kivumishi hicho kinamsifu Muthoni, lakini papo hapo kinatuambia kwamba cheo chenyewe si cha wenzake.

Hata fasihi ina mfano. Katika tamthilia ya Mzalendo Kimathi ya Ngugi wa Thiong’o na Micere Mugo, anayesafirisha bunduki ndani ya mkate anaitwa ‘Mwanamke’, basi. Jukwaani, kukosa jina kunamwezesha kuwawakilisha wengi. Nje ya jukwaa, asiye na jina haingii katika orodha ya mashujaa.

Mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa bustanini Uhuru Park mnamo 2015 unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akitazama kwingine ili asiweze kumtambulisha mwenzake akikamatwa. Tukipita hapo na watoto wetu, tusiwaambie kwamba huyu ni mpiganaji na yule anamsaidia. Tuwaambie ni wapiganaji wawili. Na kama nyumbani bado yupo nyanya aliyebeba kikapu enzi zile, tumuulize alibeba nini, tuandike jina lake, kwa maana wanaokumbuka wanazidi kutuacha.