Miiko Miwili ya Urojo

Mimi ni mtu wa Tabora. Kwetu embe bichi lilikuwa la watoto: tulilila kwa chumvi na pilipili chini ya mwembe mpaka meno yakafa ganzi. Sikuwahi kuliona likipikwa hadi nilipokwenda Unguja likizo, nikafikia kwa shemeji yangu, Kikwajuni.

Jioni ya kwanza nilipelekwa Forodhani, kama apelekwavyo kila mgeni. Nikanywa juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, nikala ile wanayoiita pizza: donge la unga linatandazwa mpaka linakuwa jembamba kama kitambaa, linatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, linakunjwa pande nne, linakaangwa. Wenyewe wana jina la zamani, mantabali, kutoka Kiarabu mutabbaq, kilichokunjwa. Chakula hicho utakikuta Yemen na utakikuta Indonesia. Kitamu. Lakini shemeji alisisitiza kwamba sijala cha Unguja mpaka nile urojo, tena si pale bali barazani kwa mtu, wakati wa alasiri.

Kesho yake akanipeleka kwa bibi mmoja nyuma ya nyumba yao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako, bado haujashika."

Unga wa ngano alikuwa ameuvuruga kwa maji baridi kwanza usifanye madonge, kisha akautia kwenye sufuria yenye maji ya manjano na embe bichi lililochemshwa likapondwa. Alikuwa akiinua mwiko na kutazama. Ukidondoka matone, bado. Ukishuka kama uzi, umeiva. Uliposhuka kama uzi akachukua bakuli, akatia mbatata, kachori, badia za dengu, nusu ya yai, akachomoa mishkaki kwenye kijiti, akamwagia urojo, chatne ya nazi na pilipili. Juu kabisa akarushia muhogo uliokwanguliwa ukakaangwa, ule unaolia mdomoni kama majani makavu.

Forodhani maana yake ni penye forodha, na forodha hiyo ndiyo inayoeleza bakuli lile. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 masultani wa Zanzibar hawakukusanya ushuru wenyewe. Waliukodisha kwa matajiri waliotoka Kutch, India. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji iliushika miaka mingi, baadaye ukaenda kwa Taria Topan, yule aliyeanzisha ujenzi wa hospitali ambayo jengo lake lenye roshani za nakshi lingali linatazama bahari. Nyuma ya matajiri wakaja wenye maduka madogo na mafundi, na wake zao wakaja na sufuria zao. Jairam alikuwa Bhatia, na Mabhatia ni Wahindu wasiokula nyama. Ukiangalia bakuli kwa jicho hilo, badia, kachori, chatne na manjano vyote ni vya mtu asiyegusa nyama. Ndiyo maana naamini kwamba urojo ulianza bila yai wala mishkaki, na kwamba hivyo viliongezwa na majirani Waswahili.

Embe nalo lilitoka India. Likafika pwani, kisha misafara iliyofuata pembe za ndovu ikalibeba hadi bara, ndiyo asili ya miembe ya Tabora na Ujiji. Kwa hiyo ule ukali ulioniuma ulimi barazani niliujua. Mwembe wa utoto wangu ulipitia njia ya hapa, na mimi nilikuwa nimekuja kula embe upande wa chanzo chake. Nilisikia uchungu kidogo kwamba shuleni tulisoma habari za misafara mwaka mzima na hakuna aliyetunyooshea kidole nje ya dirisha.

Nilimuuliza bibi nani alimfundisha.

"Mama yangu. Naye alifundishwa na mama wa Kihindu, ukuta wetu na wao mmoja."

Familia ile iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, kama zilivyoondoka nyingi za Wahindi. Siku za nyuma, wakipika pamoja, mama yule hakuonja kitu ikiwa mwiko umegusa yai, basi mama wa bibi akanunua wa pili. Bibi alinionyesha ukutani: miiko miwili, mmoja umekuwa mweusi, wa pili mwekundu kwa manjano. Huo mwekundu mpaka leo hautiwi kwenye sufuria yenye yai wala nyama.