Betri Mfukoni mwa Baba

Baba alikuwa na redio ya National yenye kava la ngozi lililotobolewa vitundu mbele ya spika. Ilikaa juu ya kabati la vyombo nyumbani kwetu Bahi, magharibi ya Dodoma, na hakuna aliyeigusa. Haikuhitaji kufungiwa. Kila alipotoka, iwe kwenda shambani, kilabuni au mjini kwa treni, Baba alifungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri nne na kuzitia kwenye mfuko wa koti. Redio ilibaki, sauti ikaondoka naye.

Sikuona ubaya wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 betri zilikuwa adimu, hata kwa mwenye fedha. Zilipochoka tulizianika juani, zikapata nguvu ya kutosha taarifa ya habari moja. Mtu anayetunza kitu cha namna hiyo tulimwita mwangalifu.

Mwaka 1984 mdogo wake Mama alifariki Manyoni. Ndugu walipeleka tangazo Radio Tanzania, likasomwa kwenye matangazo ya vifo kama ilivyokuwa desturi wakati ule, maana simu hazikuwepo na barua ilichukua wiki. Baba alikuwa Dodoma siku hizo, na betri zake. Mwalimu wa jirani alilisikia tangazo, ila akadhani sisi tumelisikia pia, kwa kuwa nyumba yetu ilijulikana kuwa na redio. Mama alipata habari siku ya tatu, watu wameshazika na kuanua matanga.

Hakumgombeza Baba. Aliendelea kuifuta redio vumbi kila asubuhi kama zamani. Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilichokiona ni kwamba tangu siku ile aliifuta bila kuitazama.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya mtambo nilioujenga kwa mikono yangu miaka 35 baadaye.

Redio ilifika kwa watu wa kawaida wa ukanda wetu kwa kupitia betri, wala si kwa waya wa umeme. Mwaka 1949, huko Lusaka, redio ndogo ya bei nafuu ilianza kuuzwa kwa Waafrika. Kiwiliwili chake kilifanana na sufuria, ikaitwa kwa jina hilo. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri iliuzwa kando. Kwetu Tanganyika matangazo yalianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, chombo kilichokuja kuwa Radio Tanzania mwaka 1965. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam, ikatengeneza redio na betri zenye jina la National. Ndiyo maana ukimtajia mzee wa Ugogo neno “redio”, mara nyingi anaona herufi hizo akilini.

Ilikuwepo namna nyingine ya kusikiliza, na Mama aliiwahi. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamisha watu kutoka kwenye tembe zilizotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili vyoo, mbu na maji ya kuchemsha. Mama alikuwa bibi harusi mpya. Anasema redio ya kikundi aliishika binti mmoja aliyemaliza darasa la saba, na likija neno gumu walimwambia apunguze sauti kwanza waelewane. Mama anaikumbuka redio ile kuliko ya mumewe. Pale alikuwa na haki ya kusema “punguza”.

Kabla ya redio, sauti ya nyumbani kwa Wagogo ilitengenezwa na mwenye nyumba. Babu alikuwa na ilimba. Vijiti vyake vya chuma vilifuliwa kwa nyundo, na kwenye tundu la sanduku ulibandikwa utando mwembamba wa mayai ya buibui ili sauti ivume. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma, alikuja kuizungusha sauti hiyo ulimwenguni. Mvumo ule ndio uliomfundisha kaka yangu, nafikiri, kuchomoa spika kwenye redio mbovu na kuitumbukiza kwenye mtungi wa udongo ili besi ijae chumba. Hakusoma fizikia. Alijua tu kwamba chombo chenye tumbo hutoa sauti nene.

Picha zilichelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu kuwa anasa, na hatukuwa na kituo hadi mwaka 1994 ITV ilipoanza. Mimi nilikuwa nimeshahamia mjini, nafanya kazi kwenye banda la video Chang'ombe. Kazi yangu ilikuwa kubeba mafuta ya jenereta, kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kutia lehemu waya zilizokatika. Mikanda ya Kihindi na ya kareti ilitoka Dar es Salaam, na baadaye zikaja zile zilizotiwa maelezo ya Kiswahili kwa sauti ya Lufufu. Mwenye banda aliketi kando ya deki na rimoti mkononi. Akitaka kwenda kula, alisimamisha picha, akaondoka na rimoti. Watu 40 walikaa wakimtazama Bruce Lee aliyeganda mguu hewani.

Pale nilijifunza umeme, na nilijifunza kutamani. Nilijiapia kwamba siku moja nitakuwa na sinema yangu nyumbani.

Siku hiyo ilichukua muda. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa dhati, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kukaa kwenye makaratasi zaidi ya miaka 40. Mji ukafumuka, na mwaka 2018 ukapewa hadhi ya jiji. Kwa mafundi kama mimi kulikuwa na kazi, kwa hiyo nilipata fedha ya kumalizia nyumba Nkuhungu, nikamleta Mama aishi nasi. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Wakati huo ufundi wa nyumba inayojiendesha ulikuwa umeshuka bei. Mwaka 1966 mhandisi wa Marekani aitwaye Jim Sutherland alijenga kompyuta nyumbani kwake Pittsburgh, akaiita ECHO IV, na ilijaza makabati. Mwaka 1975 Waskoti walibuni X10, mfumo uliopeleka amri kwenye taa kupitia nyaya zilezile za umeme. Mwaka 2005 Arduino ilianzia Italia, ubao mdogo wa kufundishia wanafunzi. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ikatoa chipu ya ESP8266, yenye waifai ndani yake, ndogo kuliko kidole gumba. Niliagiza zangu kutoka Kariakoo, zikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu.

Nilianza na sinema. Ukuta mmoja wa sebule niliupiga rangi nyeupe isiyong'aa. Projekta nilinunua ya mtumba. Maboksi ya spika nilichonga kwa mbao, na la besi nililipa tumbo kubwa, nikimkumbuka kaka na mtungi wake. Kisha nikaweka rilei: nikigusa simu mara moja taa zinafifia, king'amuzi kinawaka, pazia linajifunga kwa mota ya waipa ya gari.

Kisha maji. Mtu wa Dodoma atanielewa. Kwetu mvua ni chache, maji ya bomba huja kwa zamu, mara nyingi usiku wa manane. Yanajaza tanki la chini, halafu pampu inayapandisha kwenye tanki la juu. Kwa miaka mingi mke wangu aliamka saa nane kuwasha pampu, akasubiri, akaizima. Nilitia boya kwenye kila tanki na rilei kwenye pampu, na amri zote zikapitia kwenye programu ya intaneti ambayo niliisimamia kwa simu yangu. Mke wangu akalala usiku mzima. Nilijisikia fundi kweli.

Mwaka 2019 nilipata kazi ya wiki mbili Morogoro, na mke wangu alikuwa amekwenda kujifungulisha binti yetu Mwanza. Mama akabaki na mjukuu wa darasa la tano. Siku ya tatu kifurushi cha intaneti cha pale nyumbani kiliisha. Mimi sikujua, maana nilikuwa juu ya paa mchana kutwa, simu iko kwenye begi.

Maji yalikuja, tanki la chini likajaa hadi juu. Pampu ilisubiri amri ambayo haikuweza kufika. Swichi ya zamani nilikuwa nimeing'oa mwenyewe na kuziba tundu kwa plasta, kwa sababu iliharibu ukuta. Mama, mwenye miaka 65 na nyonga mbovu, alifunua mfuniko wa tanki na kuchota kwa ndoo yenye kamba siku nne mfululizo. Jioni hakuweza hata kutazama habari, kwa kuwa umeme wa runinga nao ulipita kwenye rilei zangu. Mjukuu alipopata njia ya kunipigia, nilimwomba anipe Bibi. Nilitegemea maneno makali.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeondoka na betri.”

Alicheka kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Sikumjibu vizuri. Nilishuka kwenye paa lile nikaketi chini ya mwembe. Nimesoma mengi kuhusu mitambo ya nyumbani, na karibu yote yanaeleza mtambo unaweza kufanya nini. Ni machache yanayouliza nani anaweza kuuzima na kuuwasha wakati mwenyewe hayupo. Baba hakuwa mkatili. Alikuwa na kitu adimu, akakitunza kwa namna iliyomhesabu yeye peke yake. Mimi nilikuwa na kitu cha ajabu, nikafanya vilevile, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Niliporudi nilibomoa plasta kwa patasi. Niliweka swichi ya kawaida ya pampu ukutani, usawa wa kiwiko cha Mama, inayofanya kazi hata chipu ikiungua. Boya sasa linaongea na pampu moja kwa moja, na intaneti kazi yake ni kunipa taarifa tu. Sebuleni niliweka vibonye vitatu vikubwa nilivyovitoa kwenye mashine mbovu ya michezo: taa, habari, kwaya.

Mama hutumia kile cha kwaya zaidi. Juzi nilikuwa natazama mpira, akapita, akabonyeza. Wachezaji wakapotea, wakaja wanakwaya wa Kigogo na kayamba zao. Aliketi bila kunitazama.

“Punguza kidogo, Mama,” nikamwambia.

“Wewe si una simu?” akasema.