Maumivu ya Saratani: Mofini, Bangi na Tulikotoka

Labda una mgonjwa wa saratani nyumbani, analia usiku kucha. Jirani amekunong'oneza: "Mchemshie bangi kidogo, atalala." Kabla hujafanya hivyo, tusikilizane.

Mwaka 1986, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: maumivu madogo yapewe panadol, ya kadiri kodeini, na makali mofini. Mofini hutokana na afyuni, kwa hiyo wengi waliiogopa.

Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, wagonjwa wakapewa mofini ya maji, ya kunywa nyumbani. Mwaka 2004, Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Kwetu Kenya mambo yalikwenda polepole. Mwaka 2010, Human Rights Watch ilieleza kuwa mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali 7 tu za serikali kati ya takriban 250. Waliokuwa mbali, kama sisi wa Kitui na Makueni, walihangaika.

Je, bangi? Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 inaikataza. Desemba 2020, Umoja wa Mataifa uliitoa katika orodha ya dawa hatari kabisa, ili itafitiwe zaidi. Lakini dawa ya bangi ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakitumia mofini na dawa za jamii yake, majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba inashinda dawa isiyo na kitu ndani. Na bangi ya kuchemsha haina kipimo. Ikichanganywa na mofini, mgonjwa huweza kusinzia kupita kiasi, kupata kizunguzungu na kuchanganyikiwa.

Basi mama, fanya hivi. Mwambie daktari waziwazi maumivu yako wapi na ni makali kiasi gani. Uliza kuhusu mofini. Ukipewa ya maji, mpe kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja alie. Usiongeze kipimo mwenyewe. Mofini hufunga choo, basi omba dawa ya kulainisha. Chupa iweke mbali na watoto. Na kama umeshampa bangi, usifiche, mwambie daktari.

Mofini si dawa ya kumharakisha mtu kufa. Ni dawa ya kumwezesha kulala, kula, na kuzungumza na wanawe.